Weusi Wenye Ngazi: Kuchapa Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Printa ya Wino

Picha iliyopigwa ndani ya nyumba ya nyasi pale Gishora, kilomita chache kaskazini mwa Gitega, Burundi, huwa na mlango mmoja wa mwanga na giza pande zote. Macho yakishazoea, giza hilo lina mengi: nyasi zilizofungwa safu kwa safu hadi kileleni, nguzo, mkono wa mtu aliyeegemea ngoma. Kamera inayanasa yote hayo na skrini ya kompyuta inayaonyesha. Kisha unachapa, na karatasi inatoka na doa moja kubwa jeusi. Ukijaribu kuliokoa kwa kuongeza mwangaza wa picha nzima, doa linafunguka kweli, lakini weusi wote umepauka kama jivu na picha imekufa.

Hayo ni makosa mawili, kivuli kilichoziba na weusi uliopauka, na wengi wetu tunapolikimbia moja tunaangukia jingine. Msimamo wangu ni huu: weusi mzito hautokani na wino mwingi. Unatokana na sehemu ndogo iliyo nyeusi kabisa, ikizungukwa na ngazi za weusi mwingine ambazo jicho linaweza kuzitenganisha. Ngazi zikiwepo, hata karatasi ya bei ya chini inaonekana nzito. Zisipokuwepo, wino wa bei kubwa kuliko wote hautakusaidia kitu.

Na kwetu jambo hili si la urembo tu. Watu tunaowapiga picha ni weusi. Nyuso zao zinakaa katika nusu ya chini ya ngazi za toni, palepale printa inapoziba. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa itoke vyovyote itakavyotoka. Mpiga picha wa Gitega au Muyinga anayechapa mwenyewe hana sababu ya kuendelea kukubali hilo. Uso wa mpiga ngoma una toni nyingi kuliko ukuta uliopakwa chokaa nyuma yake, na karatasi inapaswa kuzibeba.

Mfano wangu utakuwa picha mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Gishora, makao ya ngoma za kifalme Ruciteme na Murimirwa. Ya pili ni maktaba ya Muyinga, iliyojengwa mwaka 2012 na wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji pamoja na wenyeji: matofali ya udongo ulioshindiliwa, mbao za mikaratusi, vigae vya kuchomwa, baraza ndefu yenye nguzo zilizokaribiana, na ndani wavu wa kamba za katani ambao watoto hupanda na kulala juu yake wakisoma. Picha moja ni giza lenye mlango. Nyingine ni milia ya jua kali na kivuli. Ukizimudu hizo mbili, zilizobaki ni nyepesi.

Hatua ya kwanza: jua karatasi yako inafika wapi

Weka karatasi nyeupe ya picha kando ya dirisha, na juu yake kipande kilichochapwa cheusi kabisa. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo nafasi yote uliyo nayo. Wachapaji huipima kwa kipimo kiitwacho densiti. Densiti 1 maana yake karatasi inarudisha asilimia 10 ya mwanga unaoiangukia. Densiti 2, asilimia 1. Karatasi nzuri ya glosi, kwa wino unaoifaa, hufika 2.3 hivi, yaani inarudisha nusu asilimia tu. Karatasi isiyong'aa, ile wauzaji wanayoiita mati, huishia karibu na 1.6, yaani asilimia mbili na nusu. Weusi wa mati unarudisha mwanga mara tano ya ule wa glosi, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoliondoa pengo hilo.

Hii haina maana kwamba glosi ni bora daima. Kwa picha ya Gishora ningechagua glosi au karatasi ya baraita (baryta), yenye weusi mzito kama glosi, kwa sababu uzito wote wa picha uko gizani na unahitaji kila ngazi inayopatikana. Kwa maktaba ya Muyinga ningechagua mati bila kusita: udongo ulioshindiliwa haung'ai, na karatasi isiyong'aa inauheshimu. Nafasi ni ndogo zaidi, lakini picha yenyewe haihitaji kushuka chini sana.

Kisha uliza ni wino gani umo ndani ya printa. Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka; unazama ndani ya ngozi ya karatasi, na kwenye glosi hutoa weusi wa kuvutia. Wino wa pigimenti ni chembe ndogo zinazokaa juu juu. Unadumu zaidi mbele ya mwanga. Printa za tangi zilizoenea katika studio za ukanda wetu, kama Epson L805 na ndugu yake mkubwa L1800, zina rangi sita za dai, na nyeusi ni moja tu. Wino wa kijivu hazina. Printa kubwa za pigimenti, kama Epson P700 na P900 zilizotoka mwaka 2020, zina wino mweusi wa aina mbili, mmoja wa glosi na mmoja wa mati, pamoja na wino wa kijivu. Hapo usichanganye: weusi wa mati ukichapwa juu ya glosi haushiki na hutoka kwa kidole, na weusi wa glosi juu ya mati hupauka.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Baadhi ya printa za ofisi zina wino mweusi wa pigimenti unaotumika kwa maandishi kwenye karatasi ya kawaida tu. Ukiweka karatasi ya picha, printa huuacha wino huo kabisa na kuujenga weusi kwa rangi tatu zilizobaki. Matokeo ni hudhurungi nzito inayojifanya nyeusi. Ukiona hivyo, usihangaike na programu. Tafuta printa nyingine.

Hatua ya pili: piga picha ukikifikiria kivuli

Kivuli ambacho kamera haikukinasa hakiwezi kuchapwa. Piga kwa faili ghafi, RAW, si JPEG, kwa sababu JPEG hutupa tofauti ndogondogo za gizani kabla hujazitazama.

Kamera haijui unapiga nini. Inajaribu kuufanya wastani wa kila kitu kuwa kijivu cha katikati. Ndani ya Gishora, mlango ukiwa umeingia kwenye fremu, kamera itaukimbilia mwanga huo na kuliacha giza litumbukie. Pima mwanga usoni mwa mtu au kwenye ngozi ya ngoma, uufungie hapo, kisha upange fremu yako. Mlango utakuwa mweupe kabisa, na sioni ubaya: mlango uliowaka ni ukweli wa nyumba ile. Mpiga ngoma aliyegeuka kuwa umbo tupu si ukweli. Tazama histogramu, ule mchoro wa toni kwenye skrini ya kamera; ikiwa mlima wote umejibana kwenye ukuta wa kushoto, ongeza mwanga kwa kituo kimoja na upige tena. Chembechembe za kelele huzaliwa gizani, na ukiinua kivuli baadaye kwenye kompyuta unaziinua pamoja nacho.

Muyinga tatizo ni kinyume. Tuko karibu sana na ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini. Nguzo za baraza zinakata milia mikali, na macho ya watoto yanageuka mashimo. Nenda saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, mwanga ukiingia kwa ubavu chini ya paa. Mchana, siku ya mawingu ni zawadi. Na kwa kuwa maktaba hiyo ilijengwa kwa ajili ya watoto, wakiwemo viziwi, zungumza kwanza na walimu na wazazi, ukiwa na mtu anayejua lugha ya alama, kabla ya kuitoa kamera begani.

Hatua ya tatu: geuza rangi kuwa kijivu kwa makusudi

Usibonyeze tu kitufe cha kuondoa rangi. Picha ya rangi ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ni picha nyeusi na nyeupe yenye tabia yake. Ngozi ya mwanadamu, hata iliyo nyeusi sana, inarudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa bluu. Ukiipa chaneli nyekundu uzito, uso unafunguka, mifupa ya shavu inaonekana, na kelele zinapungua. Ukiipa bluu uzito, uso huohuo unazama na kujaa chembe.

Kwa Gishora anza na nyekundu asilimia 60, kijani 35, bluu 5, kisha usogeze kidogo kidogo ukitazama uso, si mlango. Mavazi ya wapiga ngoma ni mekundu, meupe na kijani. Ukizidisha nyekundu, kitambaa chekundu kitapanda na kukaribia cheupe na mikunjo yake itapotea. Hapo ndipo pa kusimama.

Muyinga udongo ni mwekundu, kwa hiyo nyekundu nyingi itayageuza matofali kuwa meupe na kuinyang'anya maktaba uzito wake. Huko mimi napunguza nyekundu na kukipa kijani nafasi kubwa: matofali yanashuka hadi kijivu cha katikati, na mstari wa kila tofali unasomeka. Nyuso za watoto zikizama kwa sababu hiyo, ziinue peke yake katika hatua ya sita. GIMP na darktable ni programu za bure, na zote mbili zina kichanganyaji cha chaneli.

Fanya kazi kwa biti 16 hadi mwisho. Kwa biti 8 una ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na unapoivuta sehemu ya chini ngazi zinaachana na kuacha mistari.

Hatua ya nne: punguza skrini

Skrini inayowaka kupita kiasi ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ya picha kutoka na giza. Chukua karatasi nyeupe, iweke kando ya skrini chini ya mwanga wa chumba, fungua dirisha jeupe tupu kwenye kompyuta, na ushushe mwangaza mpaka viwili hivyo vilingane. Simu usiitegemee kabisa kwa kazi hii. Hubadilisha mwangaza wake yenyewe.

Hatua ya tano: chapa ngazi ya majaribio

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, na ndipo wengi wanaporuka ili kuokoa karatasi moja. Karatasi hiyo moja itakuokolea kumi.

Tengeneza picha mpya ya kijivu, uijaze yote nyeusi kwa thamani 0. Juu yake chora miraba 16 ya sentimita mbili mbili. Wa kwanza uupe thamani 0, wa pili 4, wa tatu 8, na kuendelea kwa kuongeza nne nne mpaka 60. Andika namba chini ya kila mraba kwa rangi nyeupe. Kwenye skrini utaona miraba karibu yote. Sasa ichape kwa karatasi, wino na mipangilio ileile utakayoitumia kwa picha yenyewe, uiache ikauke, uipeleke kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Tafuta mraba wa kwanza unaoweza kuutenganisha na weusi unaouzunguka. Usikisie, funika namba kwa mkono na umwite mtu mwingine aangalie. Kwenye glosi nzuri utauona mraba wa 8, pengine hata wa 4. Kwenye mati mara nyingi utaanza kuona tofauti karibu na 16 au 20. Namba hiyo ndiyo sakafu yako. Kitu chochote kwenye picha kilicho chini ya sakafu, hata kiwe kizuri namna gani kwenye skrini, karatasi haitakionyesha.

Sasa rudia kipande hichohicho ukibadilisha jambo moja tu: aina ya karatasi uliyoichagua kwenye dirisha la printa. Aina hiyo ndiyo inayoiambia printa imwage wino kiasi gani. Ukiiambia glosi ya hali ya juu ilhali umeweka karatasi nyembamba iliyovushwa mpakani Kobero bila jina la kueleweka, wino utazidi uwezo wa karatasi: utasambaa, utaunda madimbwi madogo, na miraba ya 0 hadi 24 itaungana kuwa kitu kimoja. Pengine utaona ajabu kwamba mraba wa 8 ni mweusi kuliko wa 0. Wino ukizidi, weusi hauongezeki, unarudi nyuma. Jaribu aina mbili au tatu, kata vipande, uvipange kandokando. Chagua kile ambacho nyeusi yake ni nzito na bado sakafu yake iko chini. Vikipingana, yaani kimoja kina weusi mzito kidogo lakini kinaziba mapema, chagua chenye ngazi. Jicho litakusamehe weusi uliopungua kidogo, lakini uso uliozibwa halisamehi.

Andika nyuma ya kila kipande, kwa penseli laini, jina la karatasi, wino na mpangilio. Vipande hivi ni mali. Ukibadilisha chupa ya wino wa kujaza, hasa ule usio na jina la mtengenezaji wa printa, rudia ngazi upya, kwa sababu wino mweusi mmoja huelekea kijani na mwingine zambarau.

Hatua ya sita: inua kivuli bila kuinua sakafu

Fungua zana ya Curves, ambayo kwenye kompyuta za Kifaransa imeandikwa Courbes. Mstari unatoka pembe ya chini kushoto, ambayo ni nyeusi, hadi pembe ya juu kulia, ambayo ni nyeupe. Kosa linaloua picha nyingi hufanyika hapa: mtu anaishika ile pembe ya chini na kuipandisha. Nyeusi ya 0 inakuwa 20, kila kitu kinapanda, na ndani ya picha hakuna tena mahali palipo peusi kweli.

Iache pembe mahali pake. Weka nukta moja pale thamani inayoingia ni 8 na uipandishe ili inayotoka iwe sawa na sakafu yako. Kwa mati tuseme 20. Weka nukta ya pili kwenye 64 na uiache 64, ili kuanzia hapo kwenda juu picha isiguswe. Sasa 0 imebaki 0, lakini kilichokuwa 8 kimefika sakafu, na vilivyo kati ya 8 na 64 vimejipanga juu yake. Kile kipande cha mstari kati ya 0 na 8 kitakuwa na mteremko mkali, na ndivyo inavyotakiwa: weusi kamili unaachana haraka na vivuli vyenye habari. Hifadhi mstari huo kwa jina la karatasi yako. Huo ni wa karatasi, si wa picha, na utautumia mwishoni kwa kila picha itakayochapwa juu ya karatasi hiyo.

Kabla ya mstari huo wa karatasi, ishughulikie picha yenyewe mahali kwa mahali. Jiulize: katika fremu hii, ni wapi pawe peusi kabisa? Kwa Gishora ningejibu: mwanya kati ya ngoma na sakafu, na pembe moja ya nyuma mbali na mlango. Basi. Nyasi za paa ziwe ngazi ya pili na ya tatu, nguzo ya nne, ngozi ya mpiga ngoma ipande kutoka hapo hadi kwenye mng'ao wa paji la uso. Tumia brashi pana yenye ukingo laini, kwa nguvu ndogo ya asilimia 5 au 10, ukipita mara kadhaa badala ya mara moja kwa nguvu. Roy DeCarava, mpiga picha wa Harlem aliyezaliwa mwaka 1919, alijenga picha nzima kwa vijivu vizito vinavyokaribiana, na ukizitazama unashangaa jinsi nyeusi tupu ilivyo kidogo. Mtazame huyo kabla ya kukaa kwenye kompyuta. Na ukiwa Gitega, ingia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ukazitazame picha za zamani zilizoko humo kwa jicho la mchapaji: angalia ni sehemu gani ya kila picha iliyo nyeusi kweli, na ni ipi inayoonekana nyeusi kwa sababu tu ya jirani yake.

Jambo moja la mwisho kwa vivuli ni utofauti mdogo wa ndani. Kuinua mwanga peke yake hufanya kivuli kiwe kama ukungu. Baada ya kukiinua, ongeza kidogo utofauti wa toni ndani ya eneo hilo tu, ili mstari wa nyasi na mstari wa tofali viachane. Usizidishe, mstari mweupe ukianza kuonekana kwenye mpaka wa uso na giza, umepitiliza.

Hatua ya saba: chapa

Kagua kwanza matundu ya wino kwa ile karatasi ya mistari ambayo printa huitoa yenyewe. Tundu moja lililoziba huonekana kwenye kivuli kabla ya mahali pengine popote, kama mstari mwembamba wa mwanga. Kisha vumbi. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi jekundu la Muyinga huingia kila mahali. Chembe ikikaa juu ya karatasi, wino unaangukia chembe, baadaye chembe inadondoka na kuacha nukta nyeupe katikati ya weusi. Pitisha brashi safi juu ya kila karatasi kabla ya kuiweka, na uifunike printa isipofanya kazi. Kama hujui upande wa kuchapa ni upi, gusa pembe ya karatasi kwa kidole chenye unyevu kidogo: upande unaonatia ndio wenye utando.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa cha printa hubaki nje ya kifuniko chake na wino hukauka kwenye matundu. Printa ya wino haili umeme mwingi. UPS ndogo, au betri ya sola yenye kigeuzi, inatosha kuimaliza karatasi iliyoanza na kuizima printa kwa kitufe chake. Usiizime kwa kuchomoa waya ukutani. Na ichape kitu kidogo kila wiki hata kama huna kazi.

Kwenye mipangilio chagua ubora wa juu na uzime uchapaji wa haraka wa kwenda na kurudi. Ikiwa unachapa kwa profaili ya ICC ya karatasi yako, yaani faili linaloieleza kompyuta tabia ya karatasi na wino, iache programu isimamie rangi, zima usimamizi wa rangi wa printa, na uweke alama kwenye fidia ya nukta nyeusi (Black Point Compensation). Bila hiyo, njia ya ulinganifu wa rangi (Relative Colorimetric) hukata kila kilicho chini ya uwezo wa karatasi. Kama huna profaili, iache printa isimamie yenyewe na utegemee ngazi yako. Usifanye vyote viwili kwa pamoja.

Printa zenye wino wa kijivu zina hali maalumu ya nyeusi na nyeupe, itumie. Printa ya rangi sita kama L805 hujenga kijivu kwa kuchanganya rangi, na kijivu hicho kinaweza kuonekana safi mchana na chenye kijani au waridi chini ya taa ya LED. Usipoteze wiki ukikimbizana nacho. Ipe picha nzima joto kidogo, hudhurungi hafifu sana, na jicho litaacha kuitafuta kasoro hiyo. Wenye Epson za aina zinazokubalika wanaweza kujaribu QuadToneRIP ya Roy Harrington, programu inayokuwezesha kuamua mwenyewe kila wino umwagwe kiasi gani. Inataka uvumilivu, lakini kwa vivuli sijaona kitu cha kuishinda.

Hatua ya nane: hukumu picha pale itakapotundikwa

Picha iliyotoka sasa hivi inadanganya. Iache usiku kucha, imelala, bila kufunikwa na plastiki, ndipo uitazame. Na uitazame kwenye mwanga wa mahali inapokwenda, kwa sababu kivuli kinachosomeka dirishani hufunga kabisa kwenye sebule yenye balbu moja. Makumbusho mengi duniani huweka picha za namna hii chini ya mwanga wa luksi 50 tu ili zisififie, na huo ni mwanga mdogo. Picha ya Gishora ikienda kwenye maonyesho ya namna hiyo, chapa toleo lake: chukua ule mstari wa karatasi, upandishe nukta ya 8 kidogo zaidi na ya 64 ifike 70, pembe ya 0 ikibaki palepale. Picha ya Muyinga, ikitundikwa kwenye baraza ya shule yenye mwanga wa mchana, haihitaji nyongeza hiyo. Huko hofu yako iwe kufifia, hasa kama wino ni wa dai, kwa hiyo itundike ndani zaidi, mbali na jua.

Kioo cha kawaida cha fremu hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga. Kumbuka kwamba weusi wako bora kabisa wa glosi unarudisha nusu asilimia. Picha ya kioo ikitazamana na mlango au dirisha, kazi yote ya ngazi inafunikwa na mng'ao, na mtazamaji anajiona yeye mwenyewe. Itundike kwenye ukuta wa ubavuni, au iinamishe mbele kidogo kwa kuirefusha kamba ya juu. Mteja akitaka laminesheni badala ya kioo, mshauri achague ya kung'aa. Ile isiyong'aa hutawanya mwanga juu ya weusi wote na kuirudisha glosi yako kwenye kiwango cha mati.